Vibao vya Kwenda Bumala

Mafuta ya taa yakichanganyika na grisi kuukuu yana harufu ambayo mpaka leo, nikipita kando ya gereji yoyote, mguu wangu wa kulia unataka kusukuma. Ndiyo harufu ya ule msimu mpaka wa Uganda ulipofungwa, katika miaka ya sabini, nami nikiwa msichana mwenye magoti yaliyojaa makovu na mdomo usiojua kunyamaza. Tulikuwa tukikaa Busia, upande wa Kenya, ndani ya ua wa ghala la pamba, kwa sababu mama ndiye aliyelifagia na kulilinda. Pamba ilikwisha kununuliwa na kupelekwa kiwandani. Ghala lilibaki tupu, pembeni mna vumbi jeupe na mbegu chache zilizonuka mafuta. Nje ya ua malori yalipangana barabarani kuanzia kizuizini mpakani hadi macho yangu yalipokoma, na kila asubuhi mkia wa foleni ulikuwa umesogea mbali zaidi. Madereva walipika ugali chini ya matela na kufua mashati yao kwenye mitaro. Watu wazima walizungumza kwa sauti za chini. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tuliona neema tupu. Lori likisimama siku nyingi turnboi, yule msaidizi wa dereva, hukosa kazi, akikosa kazi hufungua magurudumu kuyakagua, na akiyafungua haikosi beringi mbovu ya kutupwa. Tulizisubiri zile pete za chuma zenye gololi ndani kuliko tulivyosubiri chakula. Tuliziloweka kwenye mafuta ya taa mpaka zikazunguka bila kukwama, tukazikaza chini ya mbao, tukapata vibao vya kuteleza. Unasimama na mguu mmoja juu, mwingine unasukuma lami, na makelele yake, wacha tu! Mzee mmoja muuza ndizi alikuwa akituona tunakuja anaziba masikio na kutukana ukoo mzima.

Mkubwa wetu alikuwa Okisai, mvulana wa Kiteso wa ploti ya pili, mwenye shingo ndefu na amri nyingi. Wavulana wa mtaa wa juu walikuwa wakijigamba kwamba wamefika Mundika kwa vibao. Okisai akasikia, akatema mate chini, akasema sisi tutakwenda Bumala, wote sita, siku moja, kwa vibao mwanzo hadi mwisho, na hakuna atakayebebwa na baiskeli ya mtu. Bumala! Kwangu mimi Bumala ilikuwa mahali ambapo baba alininunulia miwa njiani akitoka Kisumu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kufika huko kwa nguvu za mguu wake. Ili asiwepo wa kurudi nyuma, Okisai alileta sheria ambayo sijawahi kuiona kwingine. Kila mtu alitoa magurudumu yake akabadilishana na wenzake, kiasi kwamba hakuna kibao kilichobaki na beringi za mwenyewe. Kibao changu kilikwenda kwa magurudumu ya Okisai, ya Were na ya mapacha wa mama muuza samaki, na yangu yalikuwa chini ya vibao vyao. Ukijitoa, lazima urudishe ya watu na uchukue yako, na safari nzima inavunjika mbele ya macho yako. Tulifanya mazoezi kila jioni kwenye lami hadi Korinda na kurudi, tukifuatana kwa mstari, wa nyuma akipiga kelele akichoka. Nilikuwa na furaha iliyonichelewesha hata kulala.

Halafu mama akanunua kufuli. Baba alikuwa dereva wa lori, na siku chache kabla ya mpaka kufungwa alivuka na mzigo kupitia Malaba kwenda Uganda. Mwanzoni hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa madereva wengi walikuwa wamekwama ng'ambo. Baadaye wakaanza kurudi mmoja mmoja, wengine kwa miguu, wengine bila viatu, na kila aliyerudi mama alimwendea kizuizini kumuuliza. Siku moja alirudi kutoka huko akaosha miguu yake polepole, akafunga lango la ua kwa mnyororo, akaning'iniza ufunguo shingoni kwa uzi. "Nabwire, hakuna kutoka hapa," akaniambia. "Mpaka baba yako arudi." Nikauliza na Bumala je. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Nikalia, nikajigaragaza kwenye vumbi la pamba, nikamwambia yeye si mama bali askari jela. Hakunipiga, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Ua ule nilikuwa nimeuona mkubwa maisha yangu yote. Ndani ya wiki moja ukawa mdogo kama sanduku. Mabati yaliyouzunguka yalikuwa marefu kuliko mtu mzima, na jua la mchana liliyachemsha mpaka yakawa yanalia yenyewe, tak, tak. Mama alitoka kila asubuhi kwenda kuuliza habari, akanifungia ndani na kuku wake, akarudi na uso uleule. Wakati mwingine alipanda gari hadi Malaba kuulizia huko pia, na siku hizo nilikaa nikisikiliza mnyororo mpaka giza likaribie. Chini ya lango kulikuwa na nafasi ya kiganja, nami nilikuwa nikilala kifudifudi, shavu kwenye mchanga, nikitazama dunia ya miguu. Niliijua miguu ya Okisai kwa kucha yake iliyovunjika. Niliona vibao vyao vikipita, na beringi zangu, nilizoziosha kwa mikono yangu, zikienda Korinda bila mimi. Uchungu wake hausemeki. Nilikuwa nikiwaita, nao wakisimama kidogo, wakisema, "Jikaze, Nabwire, atafungua tu," kisha makelele ya vyuma yanafifia barabarani. Kuna siku niliwachukia wote.

Lakini sikurudisha magurudumu. Ghala lilikuwa limezungukwa na ukanda wa saruji, upana wa kutosha kibao kimoja, ambapo zamani magunia yalipangwa kabla ya kupimwa. Hapo ndipo nilipofanyia mazoezi. Nilianza asubuhi mama akitoka, ghala likiwa mkono wangu wa kushoto, nikazunguka na kuzunguka: ukuta, pembe, ukuta, pembe, tangi la maji, pembe, lango lenye mnyororo, pembe. Kila nikifika langoni nilikuwa nalipiga teke. Hata kuku walichoka kunikimbia, wakawa wanainua mguu mmoja tu nipite. Sikufikiri hata mara moja kubadilisha upande. Ningefikiria nini, na kichwa changu chote kiko Bumala? Baada ya siku nyingi kibao kikaanza kuinama. Beringi zililiwa upande mmoja, na nikijaribu kwenda moja kwa moja kinanivuta kushoto, kuelekea ukutani. Nilikikaza, nikakipiga nyundo, nikakitukana. Na miguu yangu mwenyewe, nikitembea kwenda chooni, ilikuwa ikienda upande.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya likizo. Nilivaa kaptura ya mazoezi, nikakaa mbele ya lango tangu alfajiri na kibao changu mapajani. Mama alikuwa anachambua maharagwe mlangoni, ufunguo shingoni. Siku ile hakwenda kizuizini. Waliokuwa wakirudi walikuwa wamekwisha, na hapakuwa na mtu mpya wa kuuliza. Hilo nililielewa baadaye sana. Nikasikia vyuma barabarani, vikaja, vikanyamaza. Nikaiona ile kucha iliyovunjika chini ya lango, na kando yake miguu mingine. Nilijua wamefuata magurudumu yao. Nilishika spana, nikaanza kulegeza nati ya kwanza huku machozi yakinitiririka, nikajiapiza kwamba sitawaombea njia njema hata kidogo.

"Mama Nabwire," Okisai akaita, kwa adabu ambayo sikujua anayo. "Hodi. Tunaomba kuingia."

"Yeye hatoki," mama akajibu.

"Tumesikia, mama. Sisi ndio tunaingia."

Mama akainuka, akafungua mnyororo kiasi cha mtu mmoja kupita, nao wakaingia mmoja baada ya mwingine na vibao vyao vichwani. Mnyororo ukafungwa nyuma yao. Okisai alitazama ukanda wa saruji, akanitazama mimi na spana yangu, akaniuliza, "Sasa unafungua nini, wewe? Kaza hiyo. Tunaenda Bumala." Were alikuwa amebeba kopo tupu la mafuta ya kupikia na mfuko wa mahindi makavu. Kila mzunguko mtu wa mwisho angetupa punje moja koponi, na kopo likijaa ndiyo tumefika. Nani alipima, na kwa hesabu gani? Hakuna. Lakini hakuna aliyebisha.

Tukaanza, wote sita kwa mstari, ghala kushoto. Asubuhi ile mabati yalitetemeka kwa makelele mpaka madereva wakaja kuchungulia kwenye nafasi ya chini ya lango, nikaona macho yao mahali nilipozoea kuweka yangu. Okisai alikuwa mbele akitangaza: "Korinda hii! Salimieni watu!" Nasi tukapunga mikono kwa tangi la maji. Jua likapanda, saruji ikaanza kuchoma nyayo, mmoja wa mapacha akatapika, akaosha mdomo, akaendelea. Tulipopumzika kunywa uji alioutoa mama, kuku wakaangusha kopo na kula safari yetu yote hadi karibu na Mundika. Ee! Were alimfukuza jogoo akilia kwa hasira, sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma, na hapo ndipo nilipomwona mama akicheka pia, mkono mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu kufuli. Akasogeza kigoda chake, akalishika kopo yeye mwenyewe. Kuanzia hapo ndiye aliyekuwa akitupa punje. "Mmefika wapi?" akauliza kila tukipita, na tukamjibu kwa pumzi iliyobaki.

Kopo lilijaa jua likiwa limeinama upande wa Uganda. Tukaanguka chini sote, tukapiga kelele, "Bumala! Bumala!" Mama alilishika lile kopo kwa mikono miwili, akalitazama muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama anayejiuliza mwenyewe, "Sasa mtarudije?"

Hatukuwa tumefikiria kurudi. Halafu Okisai akanyanyuka, akageuza kibao chake, akaweka ghala mkono wa kulia, nasi tukamfuata. Vibao vilikataa. Kibao changu kilivuta kushoto, nje ya saruji, kila hatua, nikakirudisha kwa mguu na kwa meno, na wenzangu wakanisukuma mgongoni. Mama alitoa punje koponi moja moja, akizirudisha mfukoni, midomo yake ikisema jambo ambalo sikulisikia. Giza lilipoingia punje zilikuwa bado nyingi. Akafungua mnyororo, akawaambia watoto wa watu waende kwao. Nilimwona akibaki pale langoni, kopo kifuani, akitazama foleni ya malori upande wa mpaka.

Baba hakurudi. Mpaka ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena, na lori lake halikuonekana Malaba wala Busia. Shule ilipofunguliwa mama alitoa kufuli, na kopo likakaa juu ya kabati na mahindi yake mpaka yakaliwa na dumuzi. Siku hizi Bumala nakwenda hata kununua nyanya, na gari linafika kabla sijachoka kukaa. Mpaka nao watu wanauvuka na mifuko ya sukari kana kwamba wanavuka uwanja. Juzi mjukuu wangu alikuja kutoka Nairobi na kibao cha dukani, magurudumu laini ya plastiki yasiyo na kelele yoyote. Alisimama mbele ya lango langu, kofia imegeuzwa nyuma, akasema, "Nyanya, nifungulie, naenda na wenzangu." Ufunguo nilikuwa nao mkononi. Swali la mama, lile la kurudi, lilinijia mpaka kwenye ulimi, na mkono wangu ukakataa kugeuka. Nilisimama hivyo mpaka mtoto akanishika kiwiko akiuliza kama naumwa. Nikafungua. Akaondoka moja kwa moja, bila kuvutwa upande wowote, nami nikavuta kigoda nikakaa langoni, lango wazi, mpaka aliporudi.