Mwalimu wa Nasari Niliyechelewa Kumwuliza

Sogeza kiti, mwanangu, unisikilize kabla simu yako haijaita tena. Naona umejiunga na vikundi vinne vya walimu humo ndani, na kila siku unapakua maazimio ya kazi, ile mipango ya masomo ya muhula, mpaka simu inalalamika imejaa. Sikulaumu. Ila kuna jambo halinitoki kichwani, na kila nikikuona unapakua, linarudi.

Nilikuwa mwalimu mpya karibu na Kathonzweni, darasa la tatu. Msichana mmoja, Mwikali, alikuwa akinisomea ukurasa mzima bila kukosea, nami nikimsifu. Siku moja mkono wangu ukafunika picha ya ukurasani kwa bahati tu. Akanyamaza. Kumbe alikuwa amekariri, hakujua kusoma hata neno moja. Mama yake alikuwa ameshaniambia wazi: "Mwalimu, huyu amerudia darasa mara moja. Asiposoma muhula huu, anaenda Emali kwa dada yangu akamsaidie hotelini."

Nikakimbilia daftari la mwenzangu. Mwalimu Kioko, aliyenitangulia kazini miaka mingi, aliniazima maandalio yake. Nikanakili yote, hata pale alipoandika "wapeleke watoto bwawani". Shule yetu haikuwa na bwawa! Watoto walicheka, nami nikacheka. Mwikali alibaki vile vile.

Niliporudisha daftari, Kioko akaniuliza, "Huyo mtoto anakwama wapi?"

"Kila mahali."

"Hakuna mahali panaitwa kila mahali, Mwalimu. Nieleze anavyofanya."

Nikamweleza habari ya picha. Akakuna kidevu. "Hilo mimi silijui. Nenda kwa Ndinda, anafundisha watoto wadogo wa nasari kule juu kilimani."

"Nasari? Mimi nina cheti, Mwalimu Kioko!"

"Basi kiambie cheti kimfundishe."

Mwanangu, nilikaa wiki tatu. Kila Ijumaa nilisema nitaenda Ijumaa ijayo. Nilikuwa naona haya nionekane nikiuliza kwa mwalimu wa watoto wa uji. Usiku sikulala vizuri, mchana nilimkwepa Mwikali macho.

Hatimaye, Ijumaa moja, nilipanda. Ndinda alikuwa akimpangusa mtoto makamasi, wala hakushangaa kuniona. Nilipomweleza habari za Mwikali, akauliza, "Nyumbani anaongea nini?"

"Kikamba."

"Basi aanze na neno la kwao, mbui anayemchunga, ndipo aje kwa mbuzi wa kitabuni. Silabi kwa silabi, bila picha. Ukikwama, rudi. Na ukirudi unisaidie na hesabu, zinanisumbua."

Nilishuka kile kilima nusura nikimbie. Jumatatu nikafika mapema, kadi za silabi mkononi. Dawati la Mwikali lilikuwa tupu. Alikuwa amepelekwa Emali Jumamosi; mama yake hakungoja muhula uishe.

Nilimfuata. Nilimkuta akisugua sufuria, akanisalimia kwa adabu, yule dada ya mama yake akanipa chai. Hakurudi shule. Mpaka leo nikipita Emali macho yangu hayatulii.

Waliokuja nyuma yake walisoma. Nilipanda kile kilima miaka mingi, nikimpelekea Ndinda hesabu, naye akanijulisha kwa mwenzake aliyefundisha Kabati, na huyo wa Kabati akanionyesha mambo ambayo hata Ndinda hakuyajua. Hivyo ndivyo nilivyokua kazini, mtu akinipeleka kwa mtu. Daftari la bwawa halikunikuza.

Kwa hiyo nakuambia: watu mia mbili kwenye kikundi hawalijui darasa lako. Tafuta wachache watakaolijua. Awepo aliyekutangulia, awepo anayefundisha darasa kama lako, na awepo yule unayemwona mdogo kwako, maana huyo ndiye utakayechelewa kumwendea. Ukiwaendea, waeleze mtoto anafanya nini na wewe umejaribu nini. Wape nawe unachokiweza. Na mtu akikuambia "sijui", usiondoke kabla hujamwuliza nani anajua.

Mungu akupe wenzako wa kweli, mwanangu, na akuondolee haya iliyonichelewesha mimi.

Sasa shika hiyo simu. Mpigie mwalimu mmoja leo, mweleze habari za mtoto mmoja anayekushinda, kisha nyamaza usikilize.