Aliyetaka Kujua Muthokoi Ni Kitu Gani

Nilikuwa Kyumbi, nikibishana na mama mmoja juu ya maembe aliyoapa kwamba hayana nyuzi, simu ilipolia na jirani yangu akaniambia kwamba fundi wa maduka ya mtandaoni ameaga dunia. Moyo wake ulisimama asubuhi akiwa mezani, chai yake haijapoa. Alikuwa Mwislamu, kwa hivyo jirani alinihimiza nifanye haraka, lakini nilipofika mjini Machakos walikuwa wamekwisha kumzika. Nikajikuta mlangoni kwa mama yake na mfuko wa maembe mkononi, sijui niuweke wapi. Iliniuma. Hatukuwa chanda na pete, nisije nikajipa ukubwa msibani. Nilimjua kwa sababu chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la vitambaa la marehemu baba yake, nami hupenda kupanda ngazi za watu nikaone wanafanya nini. Wasomaji wangu wa siku nyingi watakumbuka niliwahi kumtania hapa, bila kumtaja jina, kwamba ana maswali kuliko mtoto wa chekechea. Aliisoma safu ile, akanipigia simu kuniuliza ni mtoto wa umri gani hasa.

Kazi yake ilikuwa kuwatengenezea watu maduka yasiyo na milango. Unampelekea bidhaa zako, anazipiga picha, anaandika bei na maelezo, na kesho mtu wa Syokimau ananunua mbaazi zako bila kuinuka kitini. Lakini kabla duka halijafunguliwa, kompyuta huuliza swali ambalo wengi wetu hatujui kuwa lipo: bidhaa hii ni ya kundi gani la kodi? Kuna zinazotozwa ushuru kamili, kuna za kiwango cha sifuri, na kuna zilizosamehewa, kama mazao ya shamba yasiyosindikwa. Usipochagua, mashine inakuchagulia yenyewe, na haichagui kwa huruma: inaweka ushuru kamili. Mafundi wengi hupita hapo mbio mbio. Yeye hapo ndipo alipokuwa akivuta kiti. Siku moja nilimwambia sioni tofauti ya sifuri na msamaha, kwani mwisho wa yote hakuna kinacholipwa. Akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mchumba wake. “Wa sifuri amealikwa mezani,” akasema. “Sahani yake ni tupu, lakini anaweza kuomba arudishiwe kile alichanga, ule ushuru alilipa akinunua vitu vyake. Aliyesamehewa hakualikwa. Atadai nini na hakuwa kwa karamu?”

Nilikuwapo siku alipokuja mama mmoja kutoka Kivaa, kiongozi wa kikundi cha wanawake wakulima. Kikundi kilikuwa kimejiandikisha kulipa kodi ya ongezeko la thamani, maana wanunuzi wakubwa walitaka risiti zake. Sasa kantini ya kiwanda kimoja kule Athi River ilikuwa imekubali kununua muthokoi wao kila wiki kupitia duka hilo, mradi bei isipande hata kidogo. Kwa ahadi hiyo, wanawake walikuwa wamenunua mahindi ya majirani, na magunia yalikuwa yamejaa hadi sebuleni kwa huyu mama. Ushuru ukiongezwa juu ya bei, kantini itakwenda kwa mwingine. Usipoongezwa, na kumbe ulistahili, siku moja utadaiwa na kutoka mifukoni mwa wanawake wale wale. Mama hakuwa na habari ya hayo yote. Alidhani amekuja kupigiwa muthokoi picha.

“Mwaitu,” fundi akamwambia, kwa neno ambalo Wakamba humwitia mama kwa heshima, “hii muthokoi ni nini?”

Mama akanigeukia mimi kwanza, kama anayeuliza huyu ni mzima. “Ni muthokoi.”

“Hiyo najua, nimekula tangu nikiwa mdogo. Lakini ni mahindi, ama ni kitu imetoka kwa mahindi?”

“Aiya! Umezaliwa hapa hapa Machakos na hujui muthokoi?”

“Kula najua, mwaitu. Vile inatengenezwa ndiyo sijawahi ona.”

Kuuliza si ujinga, husema wahenga, ila nadhani hawakuwahi kuulizwa swali kama lile. Lakini mama alipoelezwa kilichokuwa hatarini, kicheko kilimwisha. Akasema basi twende tukaone. Pikapu ilikuwa yangu na udaku pia ulikuwa wangu, kwa hivyo siku ya pili mimi ndiye niliyewaendesha. Kivaa tulikuta vinu vimepangwa uani. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji, hutwangwa mpaka ganda la nje litoke, hupepetwa, hukaushwa. Huo ndio muthokoi, tayari kupikwa na maharagwe au mbaazi. Fundi akavua koti, akaomba mchi. Alitwanga vibaya sana, punje zikimrukia usoni, na wanawake wakamcheka kwa Kikamba naye akawajibu kwa Kikamba hicho hicho. Hakuacha mpaka kinu kile kikaisha na viganja vyake vikafanya malengelenge. Ndipo akaokota punje moja iliyong'aa na kuuliza, “Ukipanda hii, itaota?”

Mmoja akasema haioti, kiini kimeshaumizwa na mchi. Nikamwona fundi akikunja uso, nami nikaanza kuyahofia magunia ya sebuleni, maana kitu kisichoota bado ni zao la shamba kweli? Mama wa Kivaa ndiye aliyemjibu. “Hata mchele haioti,” akasema. “Umewahi sikia mtu akiuliza kama imetoka shamba?”

Jibu hilo fundi alilibeba hadi ofisi ya ushuru, pamoja na video aliyopiga kwa simu na viganja vyake vilivyofungwa kitambaa. Afisa, kama alivyonisimulia baadaye, alimuuliza jambo moja tu: mmeongeza nini? Hakuna, akajibu, tumeondoa ganda. Akaambiwa kuondoa ganda hakulifanyi hindi kuwa kitu kingine, basi limesamehewa. Siku mtakayoupika na kuutia kwenye mikebe, rudini tuzungumze upya. Kantini ikapata muthokoi wake kwa bei ile ile, na mama wa Kivaa akapata tena mahali pa kukalisha wageni.

Nimekuwa nikiwaza kwa nini kisa hiki hakinitoki. Sokoni, mteja hushika, hunusa, hutafuna punje moja bila ruhusa, na muuzaji akidanganya anaonekana machoni. Siku hizi tunauziana na watu tusioonana, na mahali pa mkono na pua pamechukuliwa na visanduku vya kuchagua. Mimi sivichukii. Bila hivyo kantini ya Athi River isingejua kwamba Kivaa iko. Lakini kisanduku hakijui kutwanga. Kinangoja mtu aliyekwenda kuona aje akiambie, na watu wa namna hiyo ni wachache, na mmoja wao ndiye aliyezikwa juzi.

Pale msibani wanaume walikuwa wamekaa nje ya lango, nami nikakaa nao na maembe yangu. Mmoja akasema hawa watu wa Pwani huzikana haraka mno. Mwingine akamkatiza: Pwani gani, huyu alizaliwa hapa, alisema Kikamba kuliko watoto wako. Lakini babu yake alitoka Mombasa, akasema wa tatu, hawezi kuitwa wa huku. Nilisikia aibu kwa niaba yao, na kwa niaba yangu, kwa sababu miaka yote ile hata mimi nilimweka upande wa “wale wenzetu wa msikitini” bila kujua nani alinichagulia. Wakiwa bado wanabishana, mama wa Kivaa akafika na wenzake wawili, wamebeba sufuria iliyofunikwa kwa leso. Alisimama akawasikiliza kidogo.

“Mnabishana nini?” akasema. “Huyu alitwanga na sisi. Ni wetu. Sogeeni tupite, mama yake hajakula.”

Wanaume wakasogea, nami nikawafuata wanawake ndani. Mama wa marehemu alipofunuliwa sufuria na kuuona ule muthokoi, ndipo alipolia kwa mara ya kwanza siku ile, na wanawake wa Kivaa wakaketi naye mkekani wakalia pamoja. Mimi niliyaacha maembe yangu jikoni. Ninachowaomba, wasomaji wangu, ni hiki: mtu akiletwa mbele yenu, muulizeni ni nani, na jibu lisipowatosha, fungeni safari mkaone anavyoishi. Msipouliza, kuna kitu kitawachagulia kundi lake, na hakichagui kwa huruma.