Mstari Aliouchagua Mume Wangu

Mume wangu anaimba. Nalisema mapema msije mkadhani namsema bure. Ni Mtamil aliyezaliwa Upanga, Dar es Salaam, Kiswahili anakizungumza kunishinda mimi wa Muheza, na hapa Wheaton, Marekani, Wahindi wa Kusini wanamnyenyekea kama askofu. Siku za kazi ni mtu wa kompyuta. Jumamosi anashuka chini besmenti, anakaa juu ya zulia, na wanafunzi wake wanamrekodi kwa simu hata akikohoa.

Kipande wanachokipenda kuliko vyote katika huo muziki wao wa Kikarnatiki kinaitwa niraval. Wimbo unakwenda, halafu mwimbaji anachagua mstari mmoja tu wa maneno, anaung'ang'ania. Anaurudia na kuurudia, maneno yale yale, lakini kila mara kwa mahadhi mapya anayoyatunga papo hapo. Shughuli yote iko kwenye kuchagua, na kuhusu kuchagua mume wangu ana hotuba. Nimeisikia nikikaanga maandazi, nimeisikia nikifua. "Msichague mstari kwa sababu ni mtamu mdomoni," anawaambia. "Chagueni wenye maana iliyotimia, ambao unaweza kumwambia mtu mara mia bila kuona haya. Mstari usiokuuma usiuguse." Basi wanatikisa vichwa kukubali. Watu wazima, wengine wanafundisha chuo kikuu College Park, wanatikisa vichwa!

Ama kweli, mganga hajigangi.

Mwaka jana baba yangu alifariki Muheza. Walimzika kesho yake, mimi niko huku. Msiba tukauweka kwa dada yangu, Oxon Hill. Watu walijaa mpaka ngazini. Wakenya wa kanisani walileta chapati. Mama mmoja Mkongomani wa ghorofa ya juu, ambaye hata jina langu halijui, alinikumbatia mlangoni akasema, "Pole sana, mama. Mungu iko." Mume wangu hakuja. Si siku ya kwanza, si ya mwisho. Alikuwa na mazoezi, eti, onyesho liko karibu. Na nyumbani pia neno pole halikumtoka. Pole, jamani! Neno tunalompa hata mtu aliyejikwaa barabarani. Alinipigapiga begani, akaniuliza shati lake la hariri liko wapi.

Nikamdharau. Nilimdharau kuanzia utosi hadi unyayo, huku nampigia pasi hilo hilo shati. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo bado nilikuwa nalitaka kwake, na silionei aibu: nilitaka aniambie amenikosea. Mara moja tu, basi.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana, kwenye ukumbi wa shule. Nikakaa kiti changu cha mbele, maana kazi yangu ya miaka yote ni kumshikia taala, yaani kupiga mapigo ya wimbo kwa kiganja juu ya paja ili asipotee. Kabla ya wimbo mkubwa akawaeleza watu maana ya mstari wa Kitamil atakaousimamia. "Nimekukosea wewe," akasema, "nisiporudi kwako, nitarudi kwa nani?"

Moyo ukanipasuka paa. Akaanza. Akaushusha ule mstari, akaupandisha, akauvunja, akauunga, na muda wote macho yake yako kwangu. Kina mama wa sari wakatoa leso. Na mimi, mdharau mkubwa, nikalainika kama andazi ndani ya chai. Nikajiambia, kumbe mwenzangu ndivyo anavyojua kuomba radhi. Mkono unapiga, machozi yananitiririka.

Tulipoingia kwenye gari nikamwambia, "Ule mstari nimeupokea."

Uso ukamng'aa. "Umeupenda, eh?"

"Uliuchagua kwa ajili yangu?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, masikini, kama mtu aliyeulizwa hesabu. "Hapana, una aa ndefu mbili. Sauti inapata pa kutembea. Halafu unaanza nyuma ya pigo, mpiga ngoma anapenda hivyo."

"Lakini ulikuwa unaniangalia mimi."

"Nilikuwa naangalia mkono wako. Yule mpiga ngoma alikuwa anakimbiza mapigo."

Loo! Aa ndefu mbili! Nikacheka mpaka naye akacheka, alidhani nimefurahi. Nikamwambia, "Hebu useme sasa. Usiuimbe. Niambie mimi, kwa Kiswahili." Akasafisha koo. Akatafuta sauti yake ya kuanzia, "Mmmm." Nikamwambia, nimesema usiimbe. Akaanza kugongagonga usukani kwa kidole. Tukapita maduka yote ya Wheaton, bado anagonga. "Una nini wewe leo?" hatimaye akaniuliza.

Arobaini ya baba ilipofika nikaenda Oxon Hill peke yangu, na nguo za kutosha. Baada ya siku chache simu yake ikaingia. Niliidaka haraka, mikono ina unga, dada ananiona. Ndiyo, mjinga mimi, bado nilikuwa na tamaa.

"Jumapili nina onyesho," akasema. "Sasa nani atanishikia taala?"

"Una mapaja mawili," nikamwambia. "Piga mwenyewe."

Nikaiweka simu mezani. Dada alikuwa anakata vitunguu. "Pole, mdogo wangu," akasema.