Pombe Isiyoandikwa

Maximilian wa Mollo alirudi kutoka seminari bila upadri, ila na mantiki kichwani, na mantiki hiyo hakumnyima mtu. Kila Jumapili baada ya misa aliwafundisha wanaume kwa mfano uleule.

"Kauli kuu: kila anayekunywa pombe ya kazi, ile wanayopewa waliokuja kusaidia kulima, amemkubali aliyeipika kuwa mwenye shamba. Kauli ndogo: Fulani amekunywa. Hitimisho: Fulani amemkubali. Angalieni sasa, pombe ndiyo iliyounganisha kauli mbili, lakini kwenye hitimisho haimo. Imeshanyweka!"

Walicheka. Jirani yake Nestory alicheka kuliko wote, kumbe mwenzetu alikuwa anahifadhi kila neno.

Cornelia, mke wa Maximilian, alipougua, shamba lao, la pekee walilokuwa nalo, lilikaa na nyasi misimu miwili. Alipokufa walimzika humohumo, pembeni. Wiki tatu baada ya matanga Maximilian alikuta watu kama ishirini humo shambani, wanafukia nyasi kutengeneza ntumba, yale matuta yetu ya duara, na Nestory anagawa pombe ya ulezi.

"Karibu, mzee. Pole na msiba."

Maskini, alidhani majirani wamemhurumia. Alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa huku machozi yanamtoka.

Mvua zilipokaribia, Nestory akapeleka mbegu zake shambani humo. Maximilian akapinga, wakaitwa kwenye kikao cha wazee.

"Wazee wangu, mimi sikusoma," Nestory alisema. "Nitarudia tu ya mwalimu." Akazitaja kauli zote tatu, hakukosea hata neno.

Mwenyekiti akageuka. "Mzee Maximilian, ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na huu mfano ni wa nani?"

"Ni wangu. Lakini kauli kuu ina kosa. Mtu anaweza kunywa kwa sababu amefiwa."

"Umeifundisha miaka thelathini haina kosa, leo ndiyo inalo?" mwenyekiti aliuliza. Watu wakaangua kicheko. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikichimba bure, kwa moyo mweupe. Inaniuma mpaka leo, maana hapo ndipo alipokuwa sahihi kuliko siku zote alizotufundisha.

Katibu aliandika mstari mmoja: shamba ni la Nestory. Pombe haikutajwa. Wala Cornelia, aliyelala humo.