Picha ya Jenerali Nyuma ya Bendera

Uvira ya zamani, kule Kongo, kila nyumba yenye akili ilikuwa na fremu ya pande mbili. Upande huu kamanda wa leo, upande ule kamanda wa jana, maana wa jana huweza kurudi kesho. Askari akiingia akakuta sura ya mkubwa wake ukutani, huenda akaondoka na mbuzi tu, akaacha watu. Fremu hiyo ilimwokoa Mzee Kalume zaidi ya mara moja. Siku aliyochelewa kuigeuza, alimzika mkewe.

Sasa anakaa Haltom City, Texas, kwa binti yake Esperance, na fremu ile ile inaning'inia sebuleni, ina bendera ya Marekani. Majirani hawaijui maana yake. Watajuaje, watu wasiojuliana hali asubuhi, kila mmoja na mlango wake na simu yake?

Vita vya Marekani na Irani vilipojaa kwenye televisheni, ikaanza kuonyeshwa sura ya jenerali mmoja wa Irani, ndevu nyeupe, macho mapole. Kalume akamfuatilia kwenye simu. Mtoto wa mkulima. Alikwenda vitani kijana, hana cheo, akapanda hadi kuongoza vikosi katika nchi za watu. Nyumbani kwao anaimbiwa. Picha yake imefunika ghorofa nzima, na akina mama huwainua watoto waione. Watu wa namna hiyo Kalume aliwajua: sifa zao hufika kwanza, wenyewe hufuata.

Akaenda dukani, akaichapisha picha ile, akaificha nyuma ya bendera.

Jumamosi, Esperance akifuta vumbi, akaikuta.

"Papa! Huyu ni nani?"

"Mrudishe. Ni wa akiba."

"Wa akiba? Mimi nina-apply uraia, Papa! Mtu akimwona humu, tutaitwa nani?"

"Uraia hauzuii risasi."

"Irani ni mbali. Kuna bahari."

"Uvira tulikuwa na ziwa."

Esperance akaichomoa picha kwenye fremu. Kuitupa picha kwenye takataka aliogopa, wangeiona. Akaitia kiberiti ndani ya sinki. Karatasi ile ya kung'aa ikatoa moshi mweusi, king'ora cha dari kikalia, jirani akapiga simu. Hazikupita dakika nyingi, ngazi zikajaa vishindo vya mabuti. Hodi haikupigwa, hodi ilikufa zamani. Ilikuwa ngumi mlangoni.

Wakaingia wazimamoto wawili, makoti mazito, kofia ngumu. Kwa Kalume, buti ni buti. Akaiangua fremu, akaigeuza, akaigeuza tena. Upande mmoja bendera, upande wa pili mtupu. Wa nani hawa?

Mmoja akavua kofia, akainama mbele yake, akasema jambo kwa sauti ya chini.

"Anasemaje?"

"Anasema pole, Papa. Anasema usiogope."

Kalume akaikumbatia fremu. Yule askari wa Uvira naye alisema hivyo hivyo, kisha akamshika mama yake Esperance mkono, akamtoa nje.