Mwalimu Aristote na Matabishi ya Mama Rosette

Mwalimu Aristote, mtu wa Fizi, Kongo, anatufundisha elimu ya masoko hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, katika chumba cha matofali nyuma ya kanisa letu. Ana koti moja la kijivu, simu moja yenye kioo kilichopasuka, na majivuno kidogo ambayo tumeyazoea. Nampenda sana mwalimu huyu, kwa hiyo kosa lake nitalisema mimi kabla hamjalisikia kwa wengine.

Zamani alituonyesha video za kampuni za ng'ambo, za soda na viatu, nasi tukasinzia bila haya. Siku moja akaachana nazo, akaanza kurekodi zake mwenyewe, dakika mbili mbili, za wachuuzi tunaowajua. Katikati husimamisha picha na kuuliza, "Ingekuwa wewe, ungefanya nini?" Hapo darasa zima hupandisha sauti. Hata mimi fundi cherehani, niliyeingia pale kukwepa jua tu, nikaanza kuelewa mteja ni nani.

Ndipo akamrekodi Mama Rosette, mjane wa Uvira anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu anaowafuata kwa gunia Old Town, Lilongwe. Mama Rosette hupima kopo likajaa, kisha huongeza konzi moja juu, bure. Hayo ndiyo matabishi, na kwetu mchuuzi asiyeyatoa huonekana mchoyo. Mwalimu alisimamisha video mkono ukiwa bado hewani.

"Hapa ndipo biashara inapovuja," akasema, akaandika ubaoni: HASARA.

Tulicheka, mimi kuliko wote, hadi kipindi kikaisha na mwisho wa video hatukuuona.

Video ikatembea simu kwa simu, pamoja na lile neno la ubaoni, mpaka ikamfikia mwenyewe. Kesho yake Mama Rosette alisawazisha kopo kwa kiganja, akafunga mfuko bila kuongeza konzi. Wiki ya pili wateja walikuwa wakimpita kwenda kwa Nahimana, muuza ndagala mwingine ng'ambo ya njia. Siku yake ya kwenda mjini ikafika asiende, maana gunia la zamani lilikuwa bado nusu. Gunia hilo ndilo linalowalisha wajukuu wake watatu. Niliona aibu kupita mbele ya meza yake.

Nikamfuata mwalimu, sikuzunguka. "Mwalimu, Mama Rosette bantu banamupita. Ni sisi njo tulimuharibia."

Alikaa kwenye benchi, akatoa simu, akaitazama ile video hadi mwisho. Mkono uliposhuka, mteja, bibi mmoja wa Burundi, alisikika akisema, "Napitaka meza tatu za ndagala mbele ya kufika kwako, mama. Hii mukono yako njo inanirudishaka."

Mwalimu alirudia sehemu hiyo mara tatu.

"Nilibafundisha nusu," akasema, na sauti yake ilinihuzunisha.

Jumatatu alimwalika Mama Rosette darasani na kumwomba msamaha mbele yetu sote, jambo ambalo sikudhani lile koti lingeliruhusu. Akacheza video yote bila kuisimamisha. Kisha akamuuliza, kwa adabu ya mwanafunzi, kwa nini hutoa matabishi.

Mama Rosette alimgeukia. "Ule mwaka ulifika hapa peke yako, ulikuwa unanunuaka kopo ya kidogo kabisa. Nilikuwa nakuongezea mpaka inakuwa mbili. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama."

"Basi kila mutu wa Fizi anafika hapa, nani anamuletaka kwangu?"

Mwalimu aligeukia ubao. Lile neno HASARA lilikuwa bado pale kwenye kona. Akalifuta kwa mkono wa koti lake, koti likawa jeupe kwa chaki.

"Ni mi, mama," akasema.

Mchana huo tulipanga foleni kwenye meza ya ndagala, yeye mbele yetu. Aliomba kopo dogo kabisa, akalishikia mfuko, akangoja konzi ya juu.