Kiinitete Chenye Sura Mbaya

Shangazi yangu wa Pongwe alikuwa na mtamba mmoja aliyepandishwa mara mbili asishike mimba. Mchinjaji wa Ngamiani alishakuja kumtazama. "Hii ya kwenu ya maabara ndiyo nafasi yake ya mwisho," shangazi aliniambia. Nilikuwa na miezi minne tu tangu nimalize chuo, msaidizi katika maabara ya mifugo, ambako tulikuza viinitete vya ng'ombe kwa siku saba kabla ya kuvipandikiza.

Asubuhi ya zamu ya shangazi vilibaki viwili. Kimoja kilikuwa duara safi, chembe zake zimeshikana vizuri. Cha pili kilikuwa na vipande vilivyomeguka pembeni, kama andazi la mpishi mwenye haraka. Mtamba yule mdogo asingeweza kubeba pacha. Ilibidi nichague kimoja.

Ningechukua kizuri, nimalize. Lakini kila kiinitete kilikaa peke yake kwenye tone lake la lishe, nasi hupima sukari iliyobaki ndani ya tone. Kile kizuri kilikuwa karibu hakijagusa chakula chake. Kibaya kilikuwa kinakula, taratibu, bila pupa. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu. Nikajiuliza kama kifaa ni kibovu, kama mimi ndiye mbovu, kama shangazi atanipa tena mkono wa Idi.

"Binti," bosi wangu akasema nyuma yangu, "kila dakika unayowaza, vinapoa."

Hilo sikuwa nimeliwaza. Nikachukua kibaya, tukaondoka kwenda Pongwe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mmeniletea kizuri?"

"Sura hakina, ila kinakula."

"Ah, kama mume niliyeletewa mimi!" Akacheka, lakini macho yake hayakumwacha mtamba mpaka bosi wangu alipomaliza kupandikiza.

Baada ya miezi miwili nilirudi peke yangu, na glavu ndefu ya kufika begani. Nikaingiza mkono kwa nyuma ya mtamba, nikapapasa, nikahisi uvimbe laini upande mmoja wa kizazi. Nikajitilia shaka, nikapapasa upya.

"Mwanangu, unapima au umehamia humo?"

"Ipo," nikasema. "Mimba ipo."

 Shangazi alichukua simu, akampigia mchinjaji. "Usije Jumamosi. Hapana. Hapana, hata ukiongeza."

Nikaanza kumweleza kwamba mimba changa huweza kutoka, kwamba ningependa kurudi mwezi ujao kuhakikisha. Akanitia kipande cha sabuni mkononi, akaenda kumkatia mtamba majani.